Sakafu ya Banda la Motokaa

Hamidi! Huyu Mjerumani hana moyo wa mtu.

Tumehangaika asubuhi nzima kumtafutia sakafu ya banda la motokaa yake. Mawe ya mlimani kayakataa. Udongo wa kichuguu kaukataa.

Halafu akaingia zizini kwa mzee Matonya, akapiga buti chini. "Hapa! Ng'ombe wameshashindilia."

Zizini, Hamidi! Si unajua Wagogo huzika wazee wao humo? Mimi mkalimani wake nikamwambia, hapo amelala baba yake Matonya.

Akacheka. Wallahi, akacheka! "Vizuri, atanilindia motokaa."

Mzee akanishika mkono. "Mwanangu, bwana amesemaje?"

Nikamjibu, "Anakupa pole."

Akamwinamia, Hamidi. Akamwinamia yule Mjerumani, akamshukuru.