Uso wa Tatu Sokoni

Thesalonike, nyumbani

Kaka yangu mpendwa Dasio,

Pokea salamu zangu, za Baba na za Mama. U hali gani huko kambini, ng'ambo ya mto Danubi? Baridi imekuonea? Sisi miili ni mizima, ila mioyo haijatulia.

Ulipoondoka, Baba alipewa kazi ya kuwachonga watawala wetu wanne kwa jiwe jekundu, wasimamishwe sokoni. Mwalimu alitufundisha kwamba wamegawana dunia lakini nia yao ni moja, ndiyo maana ni sharti sura zao zifanane, asionekane mmoja kumzidi mwenzake. Baba akawapa wote uso mmoja, na majina miguuni. Watu walimsifu.

Sasa nia si moja tena. Wa tatu amewaasi wenzake, na amri imekuja kwamba uso wake ufutwe, na aufute aliyeuchonga. Baba alisema patasi zake ni butu. Zikanolewa. Akasema mkono unamuuma. Ofisa Gaudenti akamuuliza, mbele ya wauza samaki, kama msaliti huyo ni shemeji yake. Watu wakacheka. Kisha akamsogelea, akasema polepole, "Mzee, zabibu za kwanza zikikamuliwa na pua hiyo bado ipo, utapelekwa machimboni, na hutarudi."

Zabibu zimeanza kuiva.

Nilimsihi Baba akate, nikamwambia hilo ni jiwe tu. Akanijibu, "Mwanangu, nenda kakitazame kidevu."

Nikaenda. Kaka, hapa hakuna aliyewahi kuwaona watawala hao. Baba hakuwa na uso wa kuiga. Kidevu kile kina kishimo chako. Ni wewe, mara nne. Ndiyo maana Mama, kila akienda kununua samaki, hupita pale akagusa shavu la jiwe. Tangu vita vianze hatujapata neno lako, wala hatujui jemadari wako yuko upande gani. Baba anasema hawezi kumfuta mtoto wake bila kujua kama yu hai.

Basi tuandikie. Neno moja latosha. Askari aliyekuletea barua hii ameahidi kungoja jibu. Baba akijua uko hai, atakata hata leo. Sokoni watabaki watatu, na nyumbani hatakuwa amepungua mtu.

Mama anauliza kama soksi zilikufika.

Mdogo wako anayekungoja,
Kalista