Waya Chini ya Tangi

Salem, haya ni kweli tupu, wallahi. Safari hii sijatia hata chembe ya chumvi.

Unamjua Ziro, yule fundi wa pikipiki hapa Mikindani. Jana nilimpelekea ile yangu kuukuu, haitoi cheche kabisa. Akanambia mbele ya wateja, "Mzee Anis, pikipiki na mwenyewe, nyote cheche zimekwisha." Watu wakashika mbavu. Mbele ya watu, yakhe. Mimi.

Basi leo asubuhi alipokwenda dukani, nikachomoa waya wa koili, ule wa kuleta cheche, kwenye pikipiki yake mwenyewe. Uko chini ya tangi, hauonekani.

Aliporudi, akapiga kiki arubaini. Nilizihesabu kwa raha zangu. Jasho lamtoka, wateja wamemzunguka, wengine washaanza kuondoka.

Ndipo nikajitokeza. "Nipishe, mwanangu." Nikapeleka mkono chini ya tangi, nikarudisha waya, kiki moja tu, ikanguruma. Nikapigiwa makofi.

Kumbe mke wa Ziro, Kafedha, alikuwa akinitazama. Akaniuliza polepole, "Baba, fundi huanza kwa plagi. Wewe hata hukuigusa. Umejuaje ni waya?"

Nikamwambia nilipokuwa bandarini nilitambua ubovu wa meli kwa harufu.

"Ahsante. Basi tunusie na hizi."

Pikipiki tano mbovu, Salem. Nilinusa zote tano, nimepiga magoti. Sikuambulia kitu ila petroli. Nikakiri.

Sasa nimekalishwa juu ya tairi, nasugua plagi za wateja kwa msasa mpaka alasiri. Hukumu ya Kafedha hiyo. Ziro mwenyewe hata hajanicheka. Kaniletea chai tu, na hilo ndilo linaloniuma.