Yaya, Ninunue Kisanduku Kile?

Yaya Bahati,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye maombi nalizunguka tu. Gitaa lako, kaka yangu, ninalipiga. Siyo kuligusa kidogo na kulirudisha. Ninalipiga. Mama akishatoka na mzigo wake wa vitenge kwenda sokoni, napanda stuli, nalishusha kutoka juu ya kabati, nafungua kitenge alicholifungia, halafu nakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, ili mtu akisukuma anisukume mimi kwanza. Silichomeki popote. Gitaa la umeme bila umeme lina sauti ya nzi ndani ya chupa. Hiyo ndiyo sauti niliyo nayo tangu uondoke.

Nakuandikia Kiswahili. Kifaransa walinianzishia kule kwetu Kongo, Kiingereza wananimalizia hapa Kampala, na katika lugha zote mbili walimu wanaandika kwenye ripoti kwamba Faida ni mtoto mtulivu. Wewe ulijua siyo utulivu. "Huyu ana maneno mingi," ulikuwa unawaambia wageni, "ameifungia tu." Nilikuwa nakuchukia ukisema hivyo mbele ya watu. Sasa hakuna anayesema.

Nikupe habari. Chai uliyoiacha ukapanda boda kukimbilia mazoezi ya kwaya, Mama aliimwaga baada ya mazishi yako, na kikombe hakijatumika tena. Kiti chako kanisani kiko palepale, kati ya gitaa la rizimu na la besi, hakuna anayekikalia. Papa Samweli, kiongozi wa kwaya, anasema mpiga solo hatafutwi kama fundi bomba, atajitokeza mwenyewe. Anasema hivyo akiwaangalia vijana wa kiume. Kwa hiyo wimbo ukifika mahali pa kuchangamka, pale ulipokuwa unaingia wewe na wamama wanaacha viti, rizimu inazunguka peke yake na watu wanapiga makofi ya huruma. Amplifaya ya kanisa nayo iliungua, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu.

Nyumbani bado tuko kwenye kilio. Unajua desturi yetu: muziki haurudi ndani mpaka mkubwa wa ukoo aje akiondoe kilio kwa mdomo wake, tule pamoja, ndipo redio iwashwe. Mkubwa ni Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa yuko Bukavu, na njia haipitiki. Kila akipiga simu anasema hali ikitulia atakuja. Hali haitulii. Mama anamjibu, "Tunakungojea, shemeji," halafu anaifunika redio upya, kama vile inaweza kujiwasha. Siku moja nilithubutu kuuliza kama kilio kinaweza kuondolewa kwa simu. Aliniangalia kwanza. "Hatuimbake mu nyumba ya kilio, Faida." Basi, ikaishia hapo. Na wewe unawajua watu wetu, wanapita dirishani wakiwa wametega sikio, siku tukiimba tu habari itafika Bukavu kabla ya jua kuzama.

Fikiria mtaa wetu huu wa Kamwokya, Yaya. Nyuma yetu studio, mbele baa, pembeni fundi wa spika anazijaribu tangu asubuhi. Nyumba yetu ndiyo shimo pekee lililo kimya, na mimi nimo ndani.

Sasa swali langu. Wandegeya, kwenye hosteli moja nyuma ya maduka ya kuchapisha, kuna mwanafunzi Mkenya anaitwa Brayo. Anauza kisanduku kile ulichokuwa unakiota, cha kuiga amplifaya. Unachomeka gitaa upande huu, unachagua amplifaya unayotaka, kubwa, ndogo, ya kizamani, na upande ule unatoa waya kwenda kwenye spika au hedifoni. Chenyewe ni cha zamani. Brayo hakunificha: waliokitengeneza wamekiacha, kompyuta yake mpya haikitambui kabisa, na kitufe kimoja lazima ukibonyeze mara mbili ndipo kisikie. "Imezeeka, haijachoka," akasema. Pesa ninayo, ya kusuka watu nywele likizo yote, hiyo usiiwaze.

Halafu akaniuliza, "Ni yako ama unanunulia boyfriend?" Wenzake waliokuwa wamelala kitandani wakacheka. Nikasema nanunulia kaka yangu, anapiga kanisani. "Basi aje aijaribu mwenyewe, asiseme nilimuuzia dada yake mawe." Nikatoka pale nikiwa na deni la kumleta kaka.

Nilirudi peke yangu, nikasema una kazi. Brayo alikuwa anakula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, mikono imejaa mafuta, akaninyooshea kidole tu: gitaa lile pale, waya ule pale. Nikafanya ulivyonifundisha. Usipige kitu kwanza. Fungua sauti yote, toa mikono kwenye nyuzi, sikiliza. "Kifaa kinasema ukweli kabla hujapiga," ulikuwa unasema. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza, kikawa kinavuma kama friji. Nikamwambia hiyo adapta siyo yake, tujaribu nyingine. Brayo akaacha kutafuna. Akachimbua kwenye boksi la waya akapata nyingine, na mvumo ukaisha. Kikabaki kimya kabisa. Sikujua kimya kinaweza kuwa hivyo, Yaya. Cha nyumbani kwetu kinavuma.

Nikazipitia amplifaya zake. Nyingi ni za watu wenye hasira. Halafu nikafika kwenye moja safi, mwangwi kidogo tu kwa nyuma, na nikashtuka, kwa sababu ilikuwa wewe. Karibu kabisa wewe. Nikapiga zile nota zako za kuingilia, zile ambazo zikianza kanisani Mama Esta anavua viatu acheze. Nilizipiga zote mpaka mwisho. Ulikuwepo humo ndani, na nikaogopa kusimamisha vidole.

Nilipofungua macho, Brayo alikuwa anaangalia mkono wangu wa kushoto. Yeye alikuwa hasikii chochote, ila nzi kwenye chupa. "Hakuna kaka atakuja hapa," akasema taratibu, bila kucheka. "Ni wewe unapiga." Nikamwambia kaka amekufa. Sentensi hiyo sikuwahi kuitamka mimi, siku zote watu wengine ndio wanaisema nikiwa pembeni nimeshika sahani. Akasema pole sana. Akachomoa hedifoni, akachomeka spika ndogo. "Sasa tusikie."

Nikashindwa. Hata uzi mmoja. Akaona, akachomoa spika, akaniwekea hedifoni mkononi. "Basi chukua na hizi, bure." Alisema atanishikia wiki moja tu, kuna mtu wa Ntinda anakitaka, na kesho ndiyo mwisho.

Na hedifoni hizo za bure ndizo zimeninasa. Kwa sababu nikivichukua vyote viwili, shida yangu imekwisha. Nitakuwa na sauti yako kamili masikioni, kila mchana, hapahapa sakafuni. Mama hatasikia, majirani hawatasikia, Baba Mkubwa akae Bukavu anavyotaka. Nitafurahi. Ndicho kinachonitisha, kwamba nitafurahi. Nimejiona kichwani nikiwa mtu mzima, nina watoto wangu, na bado nimekaa mgongo kwenye mlango nikipiga nota zako kwa kisanduku cha kuiga, na duniani hakuna aliyewahi kunisikia. Na nisipokinunua, ni nzi kwenye chupa mpaka njia ifunguke. Nimezunguka humo wiki nzima. Huku ukuta, huku ukuta.

Leo mchana nikalishusha gitaa ili niamue nikiwa nalo. Nikashika fundo la kitenge, na mikono ikasimama.

Unajua Mama anavyofunga mzigo wake wa sokoni: fundo ubavuni, ncha zimesukumwa ndani zisionekane. Mimi sijui kufunga hivyo. Mimi nafunga juu, ncha zimesimama kama masikio ya sungura, na kila siku najiambia hatatambua. Jana niliacha masikio ya sungura. Leo nimekuta fundo ubavuni, ncha ndani. Nikakaa chini, Yaya, nikaanza kukumbuka. Juzi ilikuwa hivyo. Wiki iliyopita pia. Kila mara ninalofungua ni fundo la Mama. Vidole vyangu vimezizoea kabisa zile ncha za ndani, na kichwa hakikuwahi kuuliza ni nani anazirudisha.

Anajua. Anajua tangu mwanzo. Anapanda stuli na goti lake lile bovu, anafungua masikio yangu ya sungura, anafunga upya, anashuka, ananiuliza kama nimekula.

Na kikohozi. Akirudi kutoka sokoni huwa anakohoa akiwa bado uani, kabla hata ya kufika ngazini. Nilidhani ni vumbi. Siku zote kinanikuta nina muda wa kutosha kufunga na kurudisha stuli. Ni yeye ananipa huo muda. Hawezi kuniambia piga, kwa sababu ya shemeji yake na watu wa dirishani, na kuniambia acha pia hawezi. Kwa hiyo anakohoa. Tuko wawili kwenye shimo moja, kila mtu amejibanza pembeni yake akidhani anamficha mwenzake.

Nimeamua hivi. Kesho nitakwenda Wandegeya kuchukua kisanduku. Hedifoni nitamwachia Brayo. Lakini kabla ya kesho nitamwambia Mama kwa mdomo wangu, na nitamwomba aongee na Baba Mkubwa: kama nyumbani bado, basi kanisani niruhusiwe, kisanduku kiingie moja kwa moja kwenye spika kubwa. Labda atasema hapana. Basi kisanduku kitapanda juu ya kabati kungoja pamoja na gitaa, lakini tutakuwa tunangoja wote tukijua.

Ahadi yangu ni hii. Siku nikikikalia kiti chako, nota zako za kuingilia nitazipiga mara moja, Mama Esta avue viatu, watu wakukumbuke. Baada ya hapo nitapiga za kwangu. Nikikosea, nitakosea watu wakisikia.

Lango la uani limelia. Ndala hizo ni zake, mguu mmoja unaburuta. Amekohoa.

Karatasi hii nilikusudia kuisukuma chini ya godoro. Badala yake naiweka juu ya stuli, maandishi yakiangalia juu. Gitaa liko mapajani, kitenge kiko sakafuni, na nimesogea, mgongo wangu hauko tena kwenye mlango.

Lala salama, Yaya wangu.

Amekohoa tena, kwa nguvu zaidi, anadhani sikusikia.

Mdogo wako,
Faida