Breki ya Mbele ya Pikipiki ya Mdogo Wako

Nyumbani, chumba cha mbele,
Ijumaa, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu na za mkazamjomba wako, ambaye ameketi hapa karibu akichambua mchele na kuniuliza kila baada ya mstari nimefika wapi. Hujambo? Kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia, au bado kinakusumbua alfajiri? Mkwe wetu na watoto hawajambo? Nawaza sana juu yenu, hasa baridi inapotajwa kwenye redio.

Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mkazamjomba wako mguu unamvimba akisimama kutwa, lakini kumwambia akae ni kazi bure. Mimi nimebadilishiwa miwani, na sasa naona vumbi katika rafu za vitabu vyangu ambalo kwa miaka mingi sikujua kwamba lipo. Nilikuwa na furaha zaidi na miwani ya zamani.

Mwanafunzi wangu mmoja, yule aliyekuwa akilala darasani mdomo wazi, sasa ndiye mwalimu mkuu wa shule yangu ya zamani. Alinialika nikaone maabara mpya. Nilikwenda, nikapewa kiti cha mbele na soda yenye mrija. Alinisimamia kama mtungi wa kioo unaoogopewa kuanguka.

Sasa nije kwenye barua yako. Imekaa mezani kwangu wiki kumi na moja, na najua umedhani nimekasirika au nimezeeka kiasi cha kusahau kujibu. Si hivyo. Uliandika kwamba wewe ndiye uliyemuua mdogo wako, kwa kuwa wewe ndiye uliyemnunulia pikipiki. Ukaniomba niiuze kwa watu wa vyuma chakavu ili isionekane tena. Nilishindwa kukujibu kwa sababu kulikuwa na jambo nililotaka kulihakikisha kwanza, na kwa sababu niliogopa kulihakikisha.

Pikipiki hatukuiuza. Wifi yako ndiye aliyekataa. Alisema yeye ni fundi wa mapazia, madirisha ya watu hayawezi kumfuata nyumbani kupimwa, na tangu afiwe amekuwa akitembea na vitambaa kichwani na mabomba ya kuning'inizia mapazia begani mpaka shingo imekataa kugeuka. Mwezi wa sita alikuja akasimama mlangoni kwangu na funguo mkononi. "Mjomba, nipeleke kwa fundi. Naitaka ile pikipiki, ila sitaki irudi kama ilivyokuwa."

Tukaikokota kwa fundi aliye nyuma ya duka la rangi. Watu wamempa jina la Redio, na ukikaa naye dakika tano utajua sababu. Anaongea huku amebana nati midomoni. Alisema shokapu za mbele zimepinda na ringi imekuwa kama yai, hivyo mbele yote lazima ibadilishwe. Na kwa kuwa inabadilishwa, asingeturudishia breki ya zamani. Angetafuta mbele ya pikipiki ya aina hiyohiyo, ile yenye breki ya diski.

Nikueleze tofauti yake, maana najua utauliza. Breki ya zamani ni kikombe cha chuma katikati ya gurudumu. Ndani yake mna vipande viwili vilivyopinda kama kucha, mafundi huviita breki shuu. Ukibana mkono wa breki, waya unavuta, shuu zinatanuka na kukisugua kile kikombe kwa ndani. Breki ya diski haina waya. Mafuta hupita katika mpira kutoka kwenye usukani hadi chini, yakasukuma pedi mbili zinazoibana sahani ya chuma pande zote, kama unavyobana karatasi kwa vidole. Mafuta hayakubali kushindiliwa, basi nguvu ya kiganja chako inafika yote. Lakini hewa ikiingia humo, hata kiputo kimoja, breki inakuwa laini kama sifongo. Ndiyo maana Redio alitumia asubuhi nzima kupampu na kufungua nati, kupampu na kufungua, mpaka viputo vikaisha. Nilimshikia chupa. Nilikuwa na raha kidogo siku ile, nakiri.

Raha hiyo ilikwisha alipolifungua gurudumu la zamani ili aone kama kuna cha kuokoa.

"Mwalimu, hebu njoo uone maajabu," aliniita. "Pikipiki ina miaka minne, shuu za mbele mpya! Hata maandishi ya kiwandani hayajafutika. Hii breki ilikuwa inalipwa mshahara wa bure."

Akafungua la nyuma. Huko shuu zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kinasugua chuma. Halafu akaushika waya wa mbele, akaona nati yake ilivyolegezwa hadi mwisho wa uzi. "Nani mpumbavu aliyefanya hivi?"

Mpwa wangu, ni mimi.

Unaikumbuka siku pikipiki ilipofika ikiwa bado imefungwa maboksi magurudumuni? Wewe ulikuwa huko huko ukipiga simu kila saa kuuliza kama imefika. Mdogo wako alikuwa amepata kazi ya kusoma mita za maji, na alikuwa akiizunguka ile pikipiki kama bwana harusi. Mama yako alisema asiipande mpaka mjomba wake aikague na kumfundisha. Nikaikagua. Nikachukua spana namba kumi, nikalegeza waya wa breki ya mbele mpaka mkono wake ukawa unacheza tu. Nikamwambia, "Hii isahau. Ukiishika kwenye mteremko itakurusha kichwa mbele. Tumia ya mguu peke yake."

Sababu yangu ilikuwa hii. Nikiwa kijana niliteremka kwa baiskeli kwenye mchanga, nikabana breki ya mbele kwa hofu, nikaruka juu ya usukani na kuvunjika mfupa wa bega. Basi nikabeba hofu ile miaka yote, na nikamrithisha mtoto wa dada yangu kana kwamba ni elimu.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba nilijua. Miaka thelathini na mmoja nimesimama mbele ya ubao nikieleza kwa nini gari likifunga breki abiria wanainamia mbele. Uzito wote hukimbilia mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi, na ukilibana huacha kuzunguka lakini chombo huendelea kuteleza. La mbele ndilo linalokandamizwa chini, kwa hiyo ndilo linaloshika barabara, na kazi kubwa ya kusimamisha ni yake, mradi libanwe polepole. Nilichora mishale ya somo hilo kwa chaki, nikasahihisha mitihani yake, nikawapa sifuri waliokosea. Sikuwahi kuitoa mishale ile darasani nikaipeleka barabarani.

Unajua alivyokufa. Lori lilikuwa likirudi kinyumenyume kutoka kwenye karakana ya mbao, pale mteremko unapoisha. Usichojua ni kwamba askari aliyepima alituonyesha alama barabarani: mstari mmoja mweusi, mrefu, wa gurudumu moja tu. Niliuona mstari ule nikakumbuka spana yangu. Hapohapo nikajiambia kwamba mtu mzima hawezi kupanda pikipiki miaka minne bila kuikaza breki yake mwenyewe. Nikalishika wazo hilo siku mbili alizokaa hospitali. Nikalishika mazishini, na miezi yote iliyofuata. Zile shuu mpya ndizo zilizoniondolea.

Nilimwambia Redio palepale kwamba mpumbavu ni mimi. Ni mara ya kwanza nimemwona ananyamaza. Alizitoa nati midomoni, akaziweka kwenye kopo moja moja, kisha akaniletea kigoda.

Kesho yake nikaenda kwa wifi yako. Nilimkuta mezani anakata kitambaa cha pazia, futikamba shingoni. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kukata. Mkasi ulikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa kitambaa, ndipo akauweka chini.

"Alikuwa akitundika mfuko wa daftari zake kwenye ule mkono wa breki," alisema. "Nikamuuliza, baba, huo hauna kazi nyingine? Akaniambia, Mjomba kasema huo ni pambo. Nikacheka. Nilidhani ni utani wenu wa mjomba na mpwa."

Baadaye akasema, "Nitafundishwa na Redio. Usinune, Mjomba."

"Sinuni."

"Na ukija kutazama, kaa mbali."

Nilikaa mbali. Walitumia uwanja ulio nyuma ya nyumba ya pampu, na mimi niliketi kwenye ukuta mfupi upande wa pili. Redio alichora mstari wa chaki ambapo wifi yako angeanza kufunga breki. Sauti yake ingesikika hata huko kwenu.

"Kamua kama ndimu! Usikabe kama unaua kuku!"

"Kuku ni wangu, nitamkaba nitakavyo!"

"Basi tutakuzika na kuku wako!"

Alitamka hivyo kisha akashika kichwa, maskini. Lakini wifi yako alicheka, mpwa wangu. Sijamsikia akicheka tangu mwezi wa kumi na mbili, na nilikuwa mbali mno kuuona uso wake.

Redio alimfanyisha mara ya kwanza kwa breki ya mguu peke yake, ili aone kwa macho. Pikipiki iliteleza mkia ukiyumba, ikasimama mbali. Kisha akamfanyisha kwa zote mbili, mwendo uleule. Pua ya pikipiki ilizama kidogo, ikasimama wima, kimya, kama mtu aliyeitwa jina. Walipoondoka nilikwenda kupima kati ya alama hizo mbili. Ni hatua tisa. Mdogo wako alihitaji tatu au nne.

Sasa wifi yako anaipanda kila siku ya kazi. Inasimama vizuri. Ananipungia mkono akipita, wala hapunguzi mwendo. Zamani alikuwa akisimama kuuliza kama tumekunywa chai. Simlaumu, na nakuomba nawe usimsemeshe juu ya hilo. Ana haki ya kuchukua muda anaoutaka.

Limebaki jambo moja, na hili linakuhusu wewe kuliko wote. Najua mama yako hapokei simu zako, na akipokea humpa mtu mwingine azungumze. Unadhani ni huzuni tu. Hapana. Kila mgeni anayekuja kumpa pole humwambia kwamba pikipiki ya binti yake ndiyo iliyommalizia mwanawe. Nimemsikia mara nyingi. Nimekaa kwenye kiti chake cha kamba, kikombe chake mkononi, nikalisikia jina lako likisemwa hivyo, nikapuliza chai. Hata baada ya kuziona zile shuu nimekwenda huko mara tatu. Mara zote tatu nimepuliza chai.

Wewe ulimtumia mdogo wako chombo chenye breki mbili nzima. Mimi ndiye niliyemwachia moja. Naomba usilitaje tena lile neno uliloliandika juu yako mwenyewe, hata moyoni. Mwandikie wifi yako, umwulize habari za mapazia na shingo yake. Mimi usiniandikie kwa haraka. Ukiwa na hasira, kaa nayo kadiri itakavyotaka kukaa.

Jumapili nitakwenda kwa mama yako kumwambia. Yeye ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenibeba mgongoni, na sijui atanitazama vipi. Barua hii nitaiposti leo, kabla sijakwenda, kwa sababu najijua. Nikiwa nayo mfukoni, nitafika, nitaulizwa habari za mguu wa mke wangu, nitajibu, na jua litakuchwa. Ikishaondoka, sitaweza kuketi mbele yake nikinywa chai huku nikijua kwamba barua iko njiani kwako.

Mkazamjomba wako ameacha kuchambua mchele. Anasema nikwambie kwamba atafuatana nami, lakini atabaki nje uani, kwa kuwa hili ni la kusema peke yangu. Anakusalimu sana. Binamu zako wote wawili wanakusalimu, na mtoto wa marehemu, ambaye ameanza darasa la kwanza, anakusalimu shangazi yake na anataka kujua kama huko kuna shule za Jumamosi. Nisalimie mkwe wetu, na uwabusu wajukuu zangu kila mmoja kwa zamu yake, wasije wakagombana.

Mungu akutue mzigo usiokuwa wako, na sisi tunaostahili kuubeba atupe mgongo.

Ni mimi, ambaye sikuacha kukupenda hata nilipokuwa nimenyamaza,
Mjomba wako.