Baba Mkwe Amevaa Nguo za Moto

Jumapili, Julai 2021. Baridi ya kukata masikio, upepo tangu asubuhi.

Leo nina hasira, na nitaandika nikiwa nazo hivyohivyo. Nikisubiri zipoe sitaandika kitu.

Bibi Joyce amezikwa juzi. Mazishi tumeyaangalia kwenye simu kwa sababu ya korona, mimi jikoni, baba mkwe wangu sebuleni, kila mtu na kilio chake. Ndiye jirani wa kwanza kutubishia hodi na mfuko wa malimao tulipohamia kamji haka pembezoni mwa Sydney, baada ya kodi ya nyumba kule mtaa wa Rooty Hill kutushinda. Aliungua ndani ya nyumba yake.

Na zimamoto ni sisi.

Ndiyo, mimi na baba mkwe. Wa kujitolea. Kazi yangu ya mshahara ni kuhudumia wazee, naye alistaafu kazi ya ghala kule Ingleburn. Yeye ndiye aliyejiunga kwanza. Kule Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi, aliona nyumba za nyasi zikiteketea huku watu wamesimama na ndoo tupu, akasema nchi yenye gari lililojaa maji, yeye hawezi kukaa tu akaliangalia. Mimi nikamfuata kwa sababu watu walikuwa hawatoshi.

Kituo chenyewe ukikiona utacheka. Banda la bati! Gari linaingia kwa kubanwa, na pembeni yake nguo zetu za moto zinaning'inia kwenye misumari. Choo hakuna, bafu hakuna, chumba cha kubadilishia nguo hakuna. Wanaume wengine wanavua palepale, hawana habari. Lakini mimi nina baba mkwe humo ndani.

Wa kwetu mnanielewa. Mke wa mtoto havui nguo alipo baba mkwe, wala baba mkwe havui alipo yeye. Kambini, tulipokuwa na chumba kimoja na pazia, nikitaka kuoga Baba alikuwa anatoka kwenda kukaa kwa jirani, hata mvua inyeshe. Ndiyo heshima iliyotuwezesha kuishi pamoja miaka yote hii bila kuvunjiana adabu. Kapteni wetu, Mzungu mwenye roho nzuri, aliwahi kusema atundike pazia bandani. Baba alimjibu kwa upole kwamba pazia halizuii masikio.

Zamani haikuwa shida. Jirani na banda kuna klabu ya mpira, nilikuwa navalia kwenye vyumba vyao. Ikaja korona, tukafungiwa majumbani, na klabu ikatiwa kufuli. Kapteni akawaomba halmashauri watujengee chumba kidogo na choo. Wakasema tuvumilie, wataliangalia suala hilo janga likipita.

Moto haukuvumilia.

Asubuhi ile ndiyo kwanza nilikuwa natoka shifti ya usiku, simu ikalia ile kengele yake ya kutuita motoni. Nilikuwa na sare ya kazini, na sare yetu ni nailoni. Nailoni huwezi kuivaa chini ya nguo za moto, joto likiingia inayeyukia kwenye ngozi. Lazima uvue yote. Gari lile hapa mjini wenye leseni nalo ni wawili tu: dereva wetu wa siku zote, ambaye korona imemfungia kwake mpaka leo, na Baba. Nikamkuta Baba bandani, ndiyo kwanza anafungua vifungo vya shati. Aliponiona akavifunga tena, akatoka nje, akageuza mgongo, akanisubiri kwenye manyunyu.

Hata kuwaza kwamba abaki ndani sikuwaza. Ndivyo tulivyolelewa, yeye na mimi. Nilivua haraka, zipu ikakwama, nikaitukana. Kapteni yuko nje, kwenye gari lake mwenyewe, anapiga honi. Nilipotoka ndipo Baba akaingia kuvaa, na sisi wote tukawa tunamsubiri yeye, moshi tunauona juu ya mapaa.

Tulimkuta Bibi Joyce nyuma ya mlango wa jikoni. Sitaandika zaidi ya hapo.

Waliokuja kuchunguza walisema labda hata tungewahi isingesaidia. Kapteni naye akasema hakuna wa kulaumiwa. Sawa, labda. Ila hiyo labda haimpi mtu usingizi. Baba halali tangu siku ile, namsikia anatembea na kukohoa.

Sasa leo. Tumefungua ibada kwenye simu, nikamwita Baba. Binti yangu Divine akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba Babu yuko nje, amevaa nguo za moto. Nikatoka mbio. Kweli bwana. Mzee amekaa kwenye ngazi za barazani, koti, suruali nzito, buti, kofia imelala magotini. Alikuwa amekwenda kuzichukua kituoni.

Nguo hizo zimejaa moshi wa nyumba ya Bibi Joyce, maana kituoni hata pa kuzifulia hakuna. Tumekatazwa kuzileta nyumbani, moshi ule ni sumu, na Divine ana pumu. Baba anajua. Ndiyo maana haingii ndani.

Nilimwambia baridi itamuua. Akaniangalia kwa upole ule wake unaoniudhi.

“Mama Divine,” akasema, “kengele ikilia mimi nimeshavaa. Banda ni lako. Funga mlango, uvae.”

Nilirudi jikoni nikalia, maharage yakaungua. Mume wangu amekwama Brisbane kwa kazi tangu mipaka ya majimbo ifungwe. Nimempigia, naye akasema baba yake haambiliki. Chakula nimempelekea mzee palepale kwenye ngazi. Ameniambia niweke chini nisogee, kisha akala na buti zake miguuni, mzee wa watu, ili mimi nipate pa kuvulia nguo.

Naona aibu. Na sijui kwa nini naona aibu mimi, wakati kuna watu wenye ofisi na vyeo hawaoni.

Jioni hii bado yuko nje, na kikohozi kimezidi. Huenda ni moshi. Huenda ni baridi. Huenda ni ule ugonjwa wenyewe. Amri ya siku hizi inajulikana: anayekohoa akapime, na sisi nyumba nzima tumeamua tutajifungia mpaka majibu yatoke. Nikimpeleka, mji mzima hauna dereva wa gari la moto, na mimi pia nimepungua kikosini. Nikinyamaza, nimemwacha mzee aliyenilea kama bintiye afie kwenye ngazi zangu.

Amenisihi nisimpeleke. Eti tungoje kwanza yule dereva atoke.

Hapana. Nimekataa. Nimeshamwandikia kapteni kwamba kesho asubuhi nampeleka Baba kupima, atake asitake, na nguo zile azivue leo hii, mimi naingia chumbani nafunga mlango. Kengele ikilia, wale waliotuambia tuvumilie waje waendeshe gari wao.