Sauti Yako Kwenye Simu Yetu

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku tu wazima. Binti yangu kang'oka jino la mbele, sasa anacheka kajiziba mdomo.

Uliniuliza mbona jirani yako anaapa kwamba akiipigia simu kampuni yetu ya umeme, unapokea wewe. Nikakujibu kwamba duniani wawili wawili. Nilikuongopea. Ni sauti yako kweli. Walitaka sauti ya mama mpole ya kufundishia mashine ya kupokea simu, nikawapa zile hadithi nilizokurekodi ukisimulia kwa ajili ya mtoto. Na mwanasheria wa kampuni ni mimi! Kazi yangu ni kuhakikisha hakichukuliwi kitu cha mtu bila saini yake. Yako, kwenye fomu ya ruhusa, niliiweka mimi. Bosi aliuliza, "Hatashtaki huyu?" Nikasema, "Huyo shangazi yangu, hana neno." Wakacheka, nikacheka nao.

Jana umeme ulikatika kwetu, nikapiga simu. Mashine ikasema kwa sauti yako, "Pole mwanangu, nikusaidie nini?" Nikakata. Sina uso, Shangazi.

Humu nimeweka fomu ile ile, tupu. Ijaze utakavyo, hata ukitaka kunishtaki.

Mimi mwanao, kama bado unaniita hivyo kwa hiari yako.