Mama, Uso Wako Umebandikwa Kwenye Chupa

Mwaka umetimia, Mama, tangu moyo wako usimame ghafla ukiwa umekaa kitandani, unavaa viatu vya kwenda kazini. Tulitaka kukuandikia maneno matamu tu, kama wenzetu wanavyowaandikia wazazi wao. Lakini mwaka huu umetupitisha mahali pabaya, na wewe mwenyewe hukupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tunakukumbuka ukirudi jioni na alama za glavu mikononi, ukiuliza kabla hata hujakaa nani hajala. Jirani akiugua ulimpelekea supu, halafu ukamhoji kuhusu dawa zake kama askari: "Nani kakupa hii? Kakwambia inatibu nini?"

Kazini kwako, maabara, walikuita Bi Shaka, nawe ukacheka. Ulikuza seli za saratani kwenye visahani, ukazipa mafuta ya aina fulani na kuzitazama zikifa. Ulitueleza mezani mpaka tukaelewa. Ndani ya seli kuna mafuta yanayobeba habari. Yakijaa ya aina moja, seli inaambiwa ife, nayo inatii. Seli ya saratani ni jeuri: inayageuza mafuta hayo kuwa ya aina nyingine, yanayoiambia iendelee kuishi. Kazi yako ilikuwa kutafuta namna ya kuizuia, ili dawa za hospitali zipate nguvu zaidi.

Siku seli zilipokufa zote, bosi wako alianza kupokea pongezi. Wewe machale yakakucheza. Mafuta yale hayachanganyiki na maji, kwa hiyo mliyayeyusha kwenye spiriti. Ukarudia kazi nzima, ukamwomba mwenzako afiche alama za visahani usijue kipi kimetiwa mafuta na kipi kimetiwa spiriti tupu. Seli zikafa kotekote. Kumbe kilichoziua ni spiriti iliyozidishwa! Bosi alinuna, wewe ukaanza upya, na ilichukua miaka mafuta yenyewe kuonyesha kazi yake. "Kwenye visahani," ulikuwa ukisema. "Sijasema kwenye mtu."

Sasa sikia, Mama. Miezi michache baada ya kukuzika, chupa zilianza kuuzwa mlangoni mwa soko. Mafuta ya kunywa, ya kuua saratani, eti yaligunduliwa na mtaalamu aliyezibwa mdomo. Na kwenye kila chupa, uso wako, unacheka. Picha ile ilikuwa moja tu, kwenye kabati la sebuleni kwetu.

Hapo ndipo tulipoanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Tulimshuku mkweo, mume wa binti yako, kwa sababu tu alikuwa na simu mpya. Tulimshuku mwenzako wa maabara aliyekuja kutupa pole mara nyingi mno. Mwanao mkubwa alimshuku mdogo wake, wakafika mahali hawasalimiani. Baba alilitia kabati kufuli, na ufunguo alilala nao.

Wakati sisi tunaviziana, Mama Mdogo, mdogo wako wa mwisho, aliacha kwenda hospitali. Uvimbe wa titi lake ulikuwa umeanza kunywea kwa matibabu, lakini yalimchosha, akahamia kwenye chupa. "Nikinywa tu, nasikia joto linashuka mpaka kifuani," alituambia. "Linatafuna ugonjwa."

Binti yako hakubishana naye. Alimwomba ruhusa amjaribu kidogo, naye akakubali. Baba alijifungia jikoni peke yake, akatia mafuta ya chupa kwenye kikombe kimoja na ya kupikia kwenye kingine. Kwa rangi na harufu hayakutofautiana. Binti yako alivipeleka bila kujua kipi ni kipi. Mama Mdogo akaonja vyote, akachagua bila kusita. "Hiki hapa. Joto hilo, linashuka."

Baba akaenda jikoni, akarudi na dumu la mafuta ya kupikia.

Mama Mdogo alikitazama kile kikombe. Kisha akasema, "Picha nilimpa mimi."

Tulidhani hatukusikia vizuri.

"Yule muuza chupa aliniambia dawa imetokana na kazi ya dada," akasema. "Nilifurahi kusikia mtu anamtaja. Nyie mlikuwa mmeshaacha. Nikasema, basi acha dada mwenyewe anitibu. Nikiuona uso wake ndiyo napata nguvu ya kumeza."

Mama, tulilia sote. Tulikuwa tumewindana humu ndani kama wezi, na kumbe aliyeichukua picha alikuwa na hamu nawe tu.

Amerudi hospitali. Uvimbe umekua kuliko ulivyokuwa, na daktari ameanza naye upya bila kumwahidi kitu. Wewe usingetukubalia tuseme atapona, kwa hiyo hatusemi. Tunaogopa sana.

Tangazo hili la kumbukumbu tumelitoa bila picha kwa makusudi. Atakayeuona uso wako kwenye chupa ajue hukuuweka wewe, na asiache matibabu yake.

Wanaokukumbuka ni mumeo; wanao, ambao wamesalimiana; mkweo, tuliyemwomba radhi; mwenzako wa maabara; wajukuu zako; na mdogo wako, aliyetaka maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema: "Dada, naogopa, lakini nakwenda."

Hutatutoka moyoni, Mama, maisha yetu yote.